Mwiko wa Mdogo wa Nyumba

Gerezani, Kwale
15 Februari 1998

Kwako shangazi yangu Mwanatumu binti Chande,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, na jamaa zako wote wa Bodo, majirani wa upande wa msikitini na wa upande wa kisimani, na kila aliyeniulizia na asiyeniulizia. Wasalimu walioolewa Funzi na waliorudi. Mjulie hali binti yangu Hanifa, umwambie babake amsukia kofia ya ukili, maana tumefundishwa kusuka, na akikataa kofia ya kiume nitaigeuza kikapu. Sisi huku mvua zimetunyeshea tangu mwaka jana mpaka kuta zimeota ukungu, na nimesikia kwamba barabara ya kwenu ilikatika pale Ramisi. Nawasalimu kuku wako pia, kama bado wako.

Nisamehe kwa salamu ndefu. Barua zetu husomwa na Afande Jacktone kabla hazijapigwa muhuri, naye ni mtu wa bara, maamkizi yetu humchosha. Akifika kwenye kuku hupiga muhuri. Sasa naweza kusema.

Arosto, yale maumivu ya kukosa unga wa kuvuta, imekwisha. Sitapiki tena, mifupa haiumi, nala ugali wa serikali kama mtu mwingine yeyote. Tangu nilipoingia kwenye kikundi cha kuacha unga sijaonja hata chembe, na wale wa kikundi watutolea mfano mimi na wenzangu wawili. Ila unga ulipotoka, mgeni amerudi.

Wamjua. Ni yule uliyenipungia ngoma nikiwa na miaka kumi na sita, anayenisemesha nami simwoni. Miaka niliyovuta kule Diani alikuwa kimya. Wewe ulisema ni sinia lako la kila mwaka lililomtuliza. Mimi nilijua ni unga, sikutaka kukuvunja moyo.

Wiki iliyopita tulipangwa foleni nje ya stoo, na Sista Loice, muuguzi wa bara anayekuja kila Jumatano, akawa anauliza kila mtu kwa sauti: "Wewe, unaskianga sauti za watu wenye hawako? Unaonanga kama watu wanakufuata? Ushawahi kufikiria kujiua? Unakuwanga na huzuni mpaka huwezi kula?" Sote tukajibu hapana, hapana, hapana, kama watu wanaoitikia amina. Ila Kenga, Mduruma tulalaye naye chumba kimoja, alijibu ndiyo. Watu wakacheka. Baada ya siku chache gari likaja kumchukua kwenda hospitali ya Mombasa, na wanaojua wasema kwamba kule mtu hudungwa sindano mpaka akasahau jina la mamake.

Mimi nimeushika mwiko wako. Uliniambia nisimtaje mgeni mbele ya mtu asiye wa nyumba yetu; nikimtaja, ataniacha mimi amshike mdogo wa nyumba. Mdogo wa nyumba leo ni Hanifa. Kwa hiyo nilisema hapana, na nitasema hapana kila Jumatano.

Neno moja tu limenikaa. Sista aliuliza pia kama nyumbani kwetu kuna mtu aliyewahi kuugua akili. Nilikana. Kisha nikajiuliza, baba alikufaje hasa? Nijualo mimi ni nyoka, katika miwa ya Ramisi.

Mwanao,
Iddi


Bodo
9 Machi 1998

Mwanangu Iddi,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa niaba ya kuku. Wako, isipokuwa yule jogoo mwekundu aliyechukuliwa na maji siku ile uani kulipogeuka bahari. Jirani wa kisimani asema alimwona akipita juu ya kipande cha ubao, amesimama, hana wasiwasi. Nimemwambia kwamba kama alimwona angemkamata. Tumenuniana tangu hapo.

Umenichekesha na huo ususi. Mwanamume niliyemfukuza barazani asiniharibie ukili wangu, leo asukia serikali kofia. Ukitoka nitakupa kazi.

Hanifa ameng'oka jino la mbele. Alilitupa juu ya paa kama ipasavyo, likarudi, akalitupa tena, likarudi, akaniambia jino hili latafuta baba. Darasani yu wa sita. Hapa kijijini wamwambia babake yuko kazini Kwale, naye akifika nyumbani huniuliza kifungo hukwisha mwezi gani. Nimemwambia Desemba.

Umefanya vizuri kunyamaza. Huo ndio uanaume, si kupayuka mbele ya foleni kama huyo Mduruma wako. Nami sikukaa bure. Nimemwekea mgeni sinia lake: marashi, udi, halua, yai la kuku mweupe na kile kitambaa chake. Nimezungumza naye kwa adabu, nikamwambia mtoto yuko mahali pagumu, ampunguzie. Atatulia. Hao wote niliowapungia, toka Vanga mpaka Gazi, hakuna aliyerudi kulalamika.

Swali lako la mwisho nimelisoma. Hanifa ameingia juzuu ya pili, na Mwalimu Abdulwahab amsifu sana.

Shangazi yako,
Mwanatumu


Gerezani, Kwale
26 Aprili 1998

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nawasalimu wa Bodo, na wa Funzi, na wale wa Wasini tuliooleana nao, mmoja mmoja kwa jina lake na kwa ugonjwa wake. Aliyekuwa hawezi mguu nampa pole, aliyekuwa hawezi mgongo nampa pole, na jirani wa kisimani nampa pole ya jogoo. Mwambie Hanifa alizike jino mlangoni, babake atalikuta akiingia. Huku tumepanda mihogo, na kutoka shambani twaiona bahari ya Diani chini kabisa, na mapaa ya hoteli yetu, ile iliyotuachisha kazi baada ya vurugu za Likoni. Kuku wasalimu. Nadhani sasa amechoka.

Sinia halikumtuliza. Zamani aliniita jina tu. Sasa anipa kazi za kufanya, na kazi zenyewe siziandiki. Huanza tukihesabiwa alasiri na hanyamazi mpaka nimechoka kuziba masikio. Wenzangu waniona nikitikisa kichwa, wadhani ni mbu.

Safari hii Sista Loice hakutupanga foleni. Alisema ile foleni ilikuwa kosa lake, mtu hawezi kuulizwa siri huku mwenzake akimpumulia kisogoni. Alituita mmoja mmoja ndani ya stoo, akarudisha mlango. Akaniuliza, "Iddi, hii unga ulianza juu ya nini?"

"Utoto tu, Sista."

"Wengi wananiambia hivyo. Halafu nakuja kujua alikuwa anatafuta usingizi, ama ananyamazisha kitu. Sasa mimi nikitoa unga na niwache hiyo kitu, si atarudi kwa unga? Ama afanye mbaya kuliko unga."

Nikatazama magunia. Akasema kwamba kelele nyingine huletwa na unga wenyewe, nazo hupoa unga ukitoka, lakini nyingine huwa zilitangulia, na hizo zina dawa yake. Kujua kipi kilitangulia ni kazi ngumu, asema, mpaka apatikane mtu wa nyumbani aliyemjua mgonjwa tangu udogo. Nikamwambia kwangu hakuna kelele yoyote. Aliandika, lakini aliniangalia kabla ya kuandika.

Juzi Afande aliniamuru nipande kwenye tangi la maji, lile refu lililo juu ya nguzo, nikalisugue ndani. Nilikataa. Nimeadhibiwa kulima peke yangu. Usiniulize kwa nini nilikataa.

Kenga hajarudi.

Shangazi, ukiniruhusu nitamwambia Sista. Bila ruhusa yako sisemi, kwa sababu ya Hanifa. Na lile la baba hukunijibu.

Mwanao,
Iddi


Bodo
18 Mei 1998

Iddi,

Marahaba. Sisi wazima. Hanifa alikuwa na homa, amepona. Kuku wazima.

Huyo Sista wako ana umri gani? Ameolewa? Ana watoto wangapi, na kati yao ni nani aliyemlea mwana wa kaka yake tangu akinyonya mpaka akaota ndevu? Mimi nilikuona siku ya kwanza mgeni alipokujia. Ulikuwa ukiparua samaki hapo uani, ukasimama, ukaanza kumjibu mtu asiyekuwepo. Sikuhitaji kukuuliza maswali nikaandika. Nilikushika mkono nikakuingiza ndani, na watu wa Bodo mpaka leo hawajui walichokosa kuona. Ukaoa, ukapata kazi hotelini, ukavaa shati jeupe. Hiyo ndiyo kazi ya ngoma yangu. Sasa umpe huyo mwanamke jina la mgeni wetu alitie kwenye faili na kuliita ugonjwa?

Mwalimu Abdulwahab naye amenisema kwa mafumbo baada ya swala, eti kuna wanawake wawekao sinia kwa wasioonekana huku wanaoonekana wana njaa. Ndizi zangu huzila kila Ijumaa bila mafumbo. Na sasa wewe.

Umeniandikia mwenyewe kwamba Kenga hajarudi. Unataka nikupoteze na wewe?

Ruhusa sitoi. Kaza moyo mpaka Desemba, utoke, nitakupungia upya kwa ngoma kubwa kuliko ile.

Shangazi yako

Hiyo kazi ya tangini umeikataa vizuri. Usipande.


Bodo
12 Julai 1998

Mwanangu Iddi,

Salamu nyingi, hata sijui nianzie wapi. Hii ni barua ya tatu nakuandikia bila jibu. Kama umenikasirikia, kasirika kwa maandishi.

Jirani wa kisimani nimepatana naye, maana hana mwingine wa kuzungumza naye, nami kadhalika. Mwanawe alipita Kwale, akaona wafungwa wakifyeka kando ya barabara. Nilimwuliza kama kati yao kulikuwa na mwembamba mwenye kovu la mshipi wa kuvulia mkononi. Akasema wote ni wembamba.

Hanifa hakuniuliza habari zako wiki hii yote, na hilo lanitisha kuliko akiuliza.

Tangi hilo ni refu kiasi gani? Lina ngazi? Kuna mtu akaaye chini yake?

Nilikuwa nataka kukuandikia habari za baba yako. Nimeandika, nimefuta, nimeandika, nimefuta, karatasi imetoboka na nimelazimika kuchukua nyingine. Nitakwambia ukitoka. Niandikie hata salamu peke yake.

Shangazi yako akupendaye,
Mwanatumu


Gerezani, Kwale
23 Agosti 1998

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii haina salamu ndefu kwa sababu haipiti kwa Afande. Anayekuletea ni Kenga. Amemaliza kifungo, nami nimemwomba apitie Bodo kabla hajaenda kwao. Mkaribishe, ni mtu mwema, usimwite Mduruma mbele ya uso wake.

Barua zako zote nilizipata. Sikujibu kwa sababu mgeni alinikataza, nami siku hizi humtii.

Nakwambia sasa. Anitaka nife. Aniambia nipande tangini nijiachie, kwamba ni kuruka kidogo tu kisha ni usingizi. Ndiyo sababu nilikataa ile kazi. Wiki iliyopita niliamrishwa tena, na safari hii sikukataa. Nilipanda na brashi na ndoo kama mtu aendaye kazini. Nikafika juu, nikaiona bahari, nikaweka ndoo chini nikavua viatu. Afande alikuwa chini, akidhani nawaza pa kuanzia. Kenga ndiye aliyejua. Alikuwa amerudi kutoka Mombasa siku zile zile, amenenepa, amenyamaza, ana vidonge vyake kwenye mfuko wa plastiki. Hakupiga kelele. Alipanda ngazi akakaa karibu nami, akaniambia, "Wangu alikuwa akisema kwa sauti ya ndugu yangu marehemu. Wako asema kwa sauti ya nani?" Niliketi. Tulisugua tangi pamoja mpaka likawa jeupe.

Ameniambia nimwambie Sista. Sista mwenyewe kaniuliza tena Jumatano, peke yetu. Nilifungua mdomo, nikamwona Hanifa, nikasema hapana.

Afadhali nishindwe mimi kuliko kumpa mtoto mzigo huu. Nakuandikia ili ukisikia jambo usidhani nilikuwa mlevi. Nilikuwa mzima wa unga kabisa.

Kofia imekwisha. Kenga anayo.

Iddi


Bodo
27 Agosti 1998

Afande Jacktone,

Kama wewe ndiwe usomaye, soma mpaka mwisho. Safari hii hamna kuku.

Mwanangu Iddi ataka kujiua. Msimpandishe tangini. Usingoje Jumatano, mwite Sista Loice leo, na usimwache Iddi peke yake mpaka Sista afike. Nimeileta barua hii mwenyewe mpaka hapa mlangoni kwako, nami sitoki. Nimeandika kwa kuwa nikisema kwa mdomo nitalia nisimalize, na ukisha kuisoma mpe aisome.

Iddi mwanangu,

Naandika na Kenga yuko barazani anywa uji. Nilimtazama tangu alipoingia uani. Nilitaka kumwona amepotea, nikuambie si nilisema. Alinipa kofia, akanisalimu kwa heshima, akauliza ukili wa kofia watoka wapi. Kisha akatoa kidonge chake akaomba maji. Nilimpa, nikamwuliza jina la mamake. Akaniambia, na la nyanyake pia.

Sasa sikiliza habari za baba yako. Hakuumwa na nyoka. Mgeni alimjia yeye kabla yako. Kaka yangu alikuwa akikata miwa Ramisi, na wenzake walimzoea akizungumza peke yake mistarini, wakamwona mcheshi. Asubuhi moja, mto ukiwa umejaa, aliweka panga chini, akavua viatu akavipanga vizuri, akaingia majini na nguo zake. Wewe ulikuwa ukitambaa. Nyoka nilimtunga mimi na marehemu mamako, ili usije ukakua ukiutazama mto ule. Na wewe umevua viatu, Iddi. Nilipofika pale kwenye barua yako nilikaa chini sakafuni.

La mwiko ni hili. Mgeni hakusema habari ya mdogo wa nyumba. Nilisema mimi. Siku ile ya ngoma mdogo wa nyumba ulikuwa wewe mwenyewe, hapakuwa na mwingine wa kushikwa. Nilitaka kukufumba mdomo, maana ulikuwa kijana wa maneno mengi, na ungekwenda kumhadithia kila mtu, na ungeitwa mwendawazimu, na hakuna ambaye angekuoza bintiye. Maneno hayo wapungaji wote huyatumia, kila mmoja kwa namna yake. Sijuti, yalikukinga. Lakini mtoto amezaliwa tangu hapo na maneno yamekaa vile vile, na sasa yakuua.

Sikuandikii kwamba mgeni hayupo. Sijui. Najua tu kwamba nilijaribu kwa baba yako na kwako, kwa dawa zote nizijuazo.

Basi mimi Mwanatumu binti Chande, niliyeufunga mwiko, nimeufungua, mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya huyu Kenga mwenye uji wake. Kama kuna wa kushikwa kwa kutajwa huko, nishikwe mimi, ndiye niliyesema. Mtaje. Mtaje kwa Sista, kwa daktari, kwa yeyote atakayeuliza.

Ukisoma haya niko nje, penye benchi.

Shangazi yako


Gerezani, Kwale
11 Oktoba 1998

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nawasalimu wote kama kawaida, na Afande Jacktone akusalimu, asema siku hizi husoma barua zangu zote mpaka mwisho na hakuna tena ya kusisimua kama ile.

Nashukuru Mungu ulikuwepo siku ile pale mezani kwa Sista. Wajua mwenyewe kwamba Sista aliponiuliza niliganda. Kama hungenipiga kibao cha goti ukasema, "Nena, mwana wee, mwanamke wa watu yuwangoja," ningesema hapana kwa mazoea. Hata nilipotoa lile ndiyo, nilimsikia mgeni akicheka. Sista hakucheka wala hakushtuka. Aliuliza kipi kilitangulia, na wewe ukamweleza habari za samaki na za mto bila kulia, nami nilijua yalikugharimu nini. Bado nawahadithia wenzangu vile ulivyomwuliza Sista kwao ni wapi na kama kwao kuna wageni wa namna hii, naye akasema, "Mama, hata kwetu wako, hata kwa nyumba ya mamangu." Mkaangaliana. Tangu siku hiyo huniuliza habari zako kabla ya kuniuliza kama nimelala.

Dawa yanifanya mzito. Mate yanitoka, mikono yatetemeka nikisuka, na mchana nasinzia kwenye mihogo. Sista apunguza na kuongeza. Amesema nikitoka Desemba nitaipata hospitali ya Msambweni, na kwamba nisiiache hata nikijiona nimepona. Wenye kucheka wamecheka, kisha wawili kati yao wameomba kuulizwa upya.

Mgeni amerudi nyuma. Ni kama redio ya jirani, nasikia kuna mtu asema lakini maneno siyashiki. Juzi alinyamaza kutwa nzima. Ningefurahi, ila nilishikwa na hofu. Nilijiuliza, kama hayuko kwangu yuko wapi?

Najua uliufungua mwiko. Najua ulivyoniandikia. Lakini mtazame Hanifa. Muulize kwa upole kama Sista anavyouliza, si mbele ya watu. Maswali nilikuandikia katika barua ya kwanza. Uniambie kweli, hata iwe nini.

Mwanao,
Iddi


Bodo
8 Novemba 1998

Mwanangu Iddi,

Marahaba. Msalimu Afande na umwambie kuku watatu wametotoa. Kenga alipita tena na gunia la mahindi, akamkuta jirani wa kisimani hapa kwangu, sasa jirani huyo ana mengi ya kuniuliza kuhusu Kenga. Sinia nimeliweka tena, usimwambie Sista. Sikuweza kuliacha tu hivi. Lakini ukija utapita kwanza Msambweni uchukue dawa, ndipo uje nyumbani, na nitakaa mbele yako nikutazame ukimeza.

Uliniambia nikwambie kweli. Kabla hata ya barua yako nilikuwa namtegea mtoto sikio. Mwiko niliufungua kwa mdomo wangu, lakini akikohoa nageuka kumtazama. Alhamisi, baada ya chuo cha Kurani, nilimsikia nyuma ya jiko azungumza peke yake. Nilichungulia. Hapakuwa na mtu. Alikuwa akisema, ananyamaza, anasema tena, amevaa ile kofia yako imemfunika mpaka machoni. Iddi, niliona wewe na samaki wako, nikamwona na kaka yangu. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye chetezo cha udi.

Niliurudisha. Nilichukua ungo na mchele, nikaketi naye mkekani, tukawa twachambua. Nikamwuliza alikuwa akizungumza na nani.

"Na baba."

"Yuwakujibu?"

Akanitazama kama niliyeuliza upuuzi. "Atajibuje na yuko Kwale? Namweleza mambo, ili akija asiulize ulize."

Sikuridhika. Nilimwuliza maswali ya Sista yote, polepole, kwa maneno ya kitoto. Kama husikia watu wasiokuwepo. Hapana. Kama huona mtu amfuata. Hapana, ila mbuzi wa Mwalimu. Kama amewahi kutaka kufa. Akauliza kwa nini mtu atake hivyo, nami nikapita haraka. Nikafika kwenye lile la mwisho, kama huwa na huzuni mpaka chakula hakipiti. Hapo akaacha kuchambua.

"Ndiyo," akasema. Kisha akaniuliza, "Na wewe, nyanya?"

Nimepunga watu toka ujana wangu. Nimewashika wakianguka, nimewauliza wageni wao majina na haja zao. Nimemzika kaka, nimemzika mamako, nimekaa kwenye benchi la gereza. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi swali hilo, Iddi, na nilikuwa na hapana yangu tayari mdomoni.

Nikamwambia ndiyo. Akanisogelea, akaniegemea begani na kofia yake, tukamaliza mchele.

Shangazi yako,
Mwanatumu